Tarehe ya Mwisho Kufunguliwa

Kazini walimwita Tarehe, naye aliitika bila kukunja uso. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo na mkoba mweusi uliobeba bisibisi, nyaya na kitambaa cha kufutia vumbi. Hakuwa na duka. Alikuwa na ofisi tisa zilizomzoea, za mawakili, za bima, shule mbili, na nyingine ndogo ndogo, akizizungukia kwa zamu kama daktari anayepita wodini.

Jina lilitokana na mazoea yake. Ofisi ikilalamika kwamba mashine zimekuwa nzito, mafundi wengine walikimbilia kuwashauri wanunue mpya. Yeye aliketi, akazipanga programu zote kwa tarehe, akaanza kusoma. Kila faili, aliwaeleza wateja, hubeba tarehe zake: siku iliyoundwa, siku iliyobadilishwa, na siku ya mwisho kufunguliwa. Programu ambayo haijafunguliwa mwaka mzima ni mgeni aliyemaliza kula na bado amekalia kiti. Aliandika orodha, mkubwa wa ofisi akaipitia, na zilizokubaliwa akaziondoa.

Watu walibisha, ndiyo. Mhasibu mmoja wa ofisi ya bima aliapa kwamba programu yake ya kuchora chati anaitumia kila siku, hata jana ameitumia. Fundi akamgeuzia skrini. Ilifunguliwa mara ya mwisho mwaka juzi, mwezi wa tatu.

"Basi jana niliota," mhasibu akasema, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Lakini tarehe nazo ziliwahi kumponza. Miaka ya mwanzo, katika shule moja, aliiondoa programu iliyokaa miezi kumi bila kuguswa. Kumbe ndiyo ya kupangia matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka, na kazi yake ni wiki moja tu. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima, hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, hata jembe hukaa ukutani msimu mzima. Hiyo si kwamba limestaafu." Tangu siku hiyo hakuondoa kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe. Tarehe inakwambia lini, alikuwa akisema. Kwa nini, kamuulize mwenye mashine.

Nyumbani aliishi na kaka yake.

Kaka alimzidi miaka kumi na sita. Mama yao alipofariki, dada akiwa na miaka tisa, ni kaka aliyejifunza kumsuka nywele, vibaya, mistari ikienda upande, akasema hiyo ndiyo mistari pekee iliyowahi kumshinda. Maana kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Mtaani walimwita Injinia, na kila mara alisahihisha: "Mimi mchoraji tu. Injinia ndiye anayelala vizuri." Alisomesha mdogo wake kwa penseli na rula, na kompyuta zilipoingia, mdogo wake ndiye aliyemketisha na kumfundisha kipanya. Dada aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi kwenye nyumba ileile. Kaka hakumuuliza hata swali moja. Alisogeza kabati lake tu, la dada lipate kuenea.

Sasa kaka alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kila asubuhi saa mbili alivaa shati lililopigwa pasi, akachomeka kalamu mfukoni, akaingia chumba chake cha kazi na kufunga mlango. Dada akimpelekea chai alisikia kibodi ikigonga. Saa saba kaka alitoka akiwa amechoka kweli, macho yamemwiva, akala kimya. Siku ambazo dada hakuwa na zamu aliifurahia ile sauti ya kibodi akiwa jikoni. Ilimwambia kwamba nyumba ina watu na watu wana kazi.

Aliyeanza kuiharibu furaha hiyo ni mjenzi. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye pikipiki na sauti ya kuitia mafundi walio juu ya ghorofa. Alikuwa amempa kaka kazi ya kuchora zahanati ya ghorofa moja, na alikuwa amekuja mara nne kuulizia. Mara ya kwanza kaka alisema bado anasubiri vipimo. Mara ya pili, mashine imenuna. Mara ya tatu alijifanya amelala. Mara ya nne dada ndiye aliyemkuta mjenzi mlangoni.

"Dada yangu," mjenzi akasema, "mimi nina watu wananisubiri. Kama kazi imemshinda mzee, aseme."

"Kazi imshinde huyu? Nusu ya nyumba za mtaa huu zimetoka mkononi mwake! Kazi ya mtu haikimbizwi kama kuku, bwana. Ukitaka za haraka, kamtafute wa haraka."

Mjenzi akavaa kofia yake ya pikipiki bila neno. Dada akarudi ndani akijiona amempigania kaka yake.

Kompyuta ya kaka kweli ilikuwa nzito. Mara kadhaa alijitolea kuisafisha, na kila mara alijibiwa vilevile: "Iache. Nina mambo yangu humo." Fundi wa watu wote alikatazwa mashine ya nyumbani kwake, wakataniana juu ya hilo mezani. Kisha Jumamosi moja mlango ukafunguliwa kabla ya saa nne na kaka akatoka.

"Haikubali kuhifadhi," akasema. "Naiambia ihifadhi, haitaki. Mdogo wangu, haitaki."

Dada alishtushwa na sauti zaidi ya maneno. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Diski imejaa tu, Kaka. Nenda kanyolewe, nywele zimekufunika masikio. Ukirudi itakuwa tayari."

Kaka akakubali. Dada akakaa kwenye kiti chake.

Aliianza kazi kama alivyoianza mahali pengine popote. Akazipanga programu kwa tarehe ya mwisho kufunguliwa. Alitegemea ile ya kuchorea, kubwa kuliko zote, iwe juu kabisa na tarehe ya leo. Haikuwa juu. Akashuka chini, akashuka tena, akaikuta mwisho wa orodha, pamoja na mchezo wa karata na programu ya mashine ya kuchapia iliyokwisha kuuzwa. Mwaka mmoja na miezi minne.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kompyuta imekosea. Akaangalia saa yake, ilikuwa sahihi. Akafikiri labda mashine imezimwa isiandike siku za kufungua, maana zipo za namna hiyo. Akafungua kikokotoo, akakifunga, akatazama upya: kikokotoo kikapanda juu na tarehe ya leo. Mashine ilikuwa inaandika vizuri. Akaifungua folda ya ramani. Ya mwisho kubadilishwa ilikuwa ya mwezi uleule, mwaka mmoja na miezi minne nyuma, na jina lake lilikuwa "ngazi". Ya zahanati haikuwepo kabisa.

Kibodi aliyoisikia kila asubuhi ilikuwa inaandika nini?

Chini tu ya kikokotoo, imefunguliwa leo saa mbili na dakika kumi, ilikuwa programu ndogo ya kuandikia maneno matupu. Na faili lake lilikuwa moja tu, linaitwa "ASUBUHI".

Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kusoma faili la mteja. Alitazama tarehe, hakutazama ndani. Siku hiyo alikaa mkono juu ya kipanya kwa muda mrefu, akasikia maji yakichuruzika bafuni kwenye bomba aliloahidi kulikaza. Kisha akafungua.

Lilikuwa refu. Mistari mingine ilijirudia mara kumi, kama mtu aliyeandika kitu na kesho yake hajui kama amekiandika.

*Leo kabla ya kutoka chumbani soma hapa kwanza.*

*Chai inaletwa na mdogo wako. Yule wa mwisho. Amekua. Usimuulize anasoma darasa la ngapi.*

*Mume wake hayupo tena. Usimtaje.*

*Mama alifariki. Zamani. Usiulize amekwenda wapi.*

*Duka: toka getini, kushoto, mlango wa bluu. Kurudi: mlango wa bluu uwe mgongoni.*

*Mjenzi mnene ana pikipiki. Anataka zahanati. Mwambie bado vipimo.* Na chini yake: *Vipimo umeshasema. Sema mashine.*

Na mwisho kabisa, mstari wa asubuhi hiyo, uliobaki kwenye skrini tu kwa kuwa mashine ilikataa kuuhifadhi: *Mdogo wako akicheka mezani na wewe cheka.*

Alilifunga. Akafanya kilichohitajika, akafuta mabaki ya masasisho ya zamani na picha zilizojirudia, diski ikapata nafasi. Akauandika upya ule mstari wa mwisho, neno kwa neno, akauhifadhi. Kaka aliporudi, kichwa kimenyolewa safi, akinukia poda ya kinyozi, dada alikuwa anazungusha waya wa kifyonza vumbi.

"Tayari?"

"Tayari. Sasa inahifadhi."

"Hukuondoa kitu changu?"

"Sijaondoa chako hata kimoja, Kaka."

Akaenda jikoni, akafungua bomba kwa nguvu, akalia huku akiosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Ofisini aliandika orodha ya mteja mmoja mara mbili na kumpelekea mwingine. Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, jepesi kwa asiyeubeba; yeye aliona aibu kuliko huzuni: miezi kumi na sita alikuwa akimpelekea mtu chai, na mtu huyo akijifunza kila asubuhi ni nani anayemletea. Yeye, anayeweza kuingia ofisi ya watu asiowajua na kusema ndani ya saa moja kipi kimelala na kipi kiko macho.

Siku ya nne alibisha hodi chumba cha kazi, akaingia na vikombe viwili badala ya kimoja, akaketi juu ya boksi la karatasi za ramani. Kaka akaifunika skrini kwa mwili wake, taratibu, kama anayejinyoosha.

"Kaka, Jumamosi ile niliangalia tarehe."

Kaka akageuza kikombe kwenye sahani. "Ni kazi yako."

"Niliangalia na ndani. Nisamehe."

Alidhani atakasirika. Alikuwa mkali ujanani mwake, na mlango aliokuwa akiubamiza ulijua. Lakini mabega yalimshuka, na kilichomtoka kilifanana na pumzi ya mtu anayetua gunia.

"Basi unajua," akasema.

"Najua ulichoandika. Kwa nini uliacha kuchora, sijui."

Kaka akamweleza kuhusu ngazi. Ilikuwa nyumba ya mwalimu mmoja, ya ghorofa moja, kazi ya kufumba macho. Alichora ngazi, akahesabu vidato kumi na saba. Akahesabu tena, kumi na tano. Akaitazama ramani na kuona kwamba ngazi yake haifiki juu. Inaishia hewani, kimo cha mtu mzima chini ya sakafu ya ghorofa, na yeye alikuwa ameshaisaini.

"Nikaichana. Nikachora tena, nikapotea. Mstari nauanza, katikati sijui ulikuwa ukuta au nini. Nikasema labda nimechoka. Wiki nzima nimechoka?" Akaangalia mikono yake. "Ngazi mtu anaiona. Nguzo je? Nikikosea nguzo, nani ataiona? Itaonekana siku imeangukia watoto wa watu. Nikaacha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mimi ndiye niliyekulea. Nikisema sijui, wewe utamuuliza nani?"

Dada akamshika mkono, wakakaa hivyo, chai ikapoa.

"Ile programu iondoe," kaka akasema baadaye. "Kisichotumika si unaondoa?"

"Huwa namuuliza mwenyewe kwanza."

"Mwenyewe ndiye anayekwambia."

Akaiondoa mbele yake. Mashine iliuliza kama ana uhakika, na kaka ndiye aliyenyoosha kidole na kubonyeza ndiyo. Ilichukua dakika tatu. Alitazama ule mstari wa kijani ukijaa mpaka mwisho, akasema mstari huo angalau umefika.

Hospitali waliambiwa waende na mtu wa nyumbani. Daktari alikuwa kijana mpole, alimuuliza kaka mwezi, siku, akampa maneno matatu ya kukumbuka. Kisha akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa ya ukutani. Kaka akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu waingie. Akachora duara kwa mkono mtupu, duara kamilifu hivi kwamba daktari aliinua nyusi. Halafu akaanza kuweka namba. Moja, mbili, tatu, zote zikasongamana upande wa kulia, mpaka kumi na mbili ikakaa chini kabisa, na upande wa kushoto ukabaki mweupe. Aliitazama. Alijua ina kasoro, dada aliona kwamba anajua, ila hakujua ni ipi. Akaikunja karatasi mara mbili na kuiweka mfukoni pamoja na kalamu ya daktari.

Daktari alisema jina la ugonjwa na akasema dawa zipo za kuupunguzia mwendo, si za kuugeuza. Njiani kurudi kaka aliuliza mara tano wanatoka wapi. Mara ya kwanza dada alieleza yote. Mara ya tano alisema, "Matembezini."

Mjenzi, dada alimfuata mwenyewe kwenye jengo alilokuwa akisimamia, katikati ya mifuko ya saruji, akamwambia ukweli wote na kumwomba radhi kwa maneno ya mlangoni. Yule mtu mnene akavua kofia.

"Mficha maradhi," akaanza, kisha akauacha ule msemo njiani. "Mimi nilidhani amepata mteja mkubwa kuliko mimi. Dada, nyumba yangu mwenyewe aliichora huyu. Mvua zote hizi, haijawahi kuvuja."

Zahanati ilichorwa na mtu mwingine. Mjenzi akawa anapita baadhi ya Jumapili, anaketi na kaka barazani na kuongea habari za boriti na dari. Kaka akimsikiliza alikuwa kama mtu anayesikia wimbo wa lugha aliyowahi kuijua.

Lile faili wakawa wanaliandika pamoja. Dada alifuta mistari iliyojirudia, akaweka herufi kubwa, akapanga: watu kwanza, njia, kisha dawa. Kaka alisimamia kila neno. Alimkataza dada asiandike "dada yako mpendwa". Akasema hayo hayahitaji kuandikwa, andika ana miwani. Kwa miezi kadhaa lilimfaa. Alilisoma saa mbili, akatoka chumbani akiwa na dunia yake mkononi. Kisha dada akaanza kuona tarehe zikiruka: Jumatatu, Alhamisi, Jumanne ya pili yake. Hakumwambia. Asubuhi moja kaka aliingia, akaketi mbele ya skrini na kumwita amuulize hicho ni kitu gani, na baada ya hapo hakuingia tena.

Dada akaziacha ofisi sita kati ya tisa. Zilizobaki alizifanya mchana, mjane wa nyumba ya pili akikaa na kaka. Alijifunza kumnyoa, kumkata kucha, kumvalisha shati kwa kuanza na mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia uligoma. Siku nyingine kaka alimwita Mama na kumlalamikia kwamba amechelewa. Mwanzoni alimsahihisha, na kila alipomsahihisha kaka alifiwa upya, palepale, akalia kama ndiyo habari imefika. Akaacha kumsahihisha. Akawa anasema, "Nimefika sasa."

Kaka yupo mpaka leo. Wiki iliyopita dada alimkuta barazani amevaa shati lake vizuri, naye kaka akaukazia macho ule mkoba mweusi.

"Wewe ni fundi?"

"Ndiyo."

"Umekuja kutengeneza nini?"

"Leo sitengenezi. Nimekuja kukaa na wewe."

Kaka akalifikiria hilo kwa makini, kama alivyokuwa akifikiria mahali pa kuweka dirisha. "Na nani atakulipa?"

"Nilishalipwa zamani, Kaka."

"Vizuri," akasema. "Basi nisogezee kiti. Jua limenifika magotini."

Akautua mkoba, akamsogezea.